Jibu la Maneno Mawili

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa kumi, 2024

Mvua tangu alfajiri. Mwezi wa tatu wa kustaafu kwangu. Afya nzuri, akili safi. Nimesoma magazeti ya mwaka 2011 hadi ukurasa wa matangazo ya vifo. Sikubaliani na mengi.

Naandika hapa kile ambacho mji mzima wa Kindu unakataa kuelewa. Mimi, Louis Okito, miaka arobaini na tisa, nilikuwa mkuu wa barua katika ofisi moja ya serikali kwa miaka ishirini na sita. Katika ofisi ile mtu hastaafu. Anazeeka kwenye kiti, anasinzia, siku moja haamki, na kiti kinapata mwenyewe mpya. Mimi nilikataa. Mwezi wa saba, kwenye mkutano wa Jumatatu, nilisimama nikatangaza kwamba nastaafu kwa hiari yangu, nikiwa bado na meno yote. Hotuba ilikuwa na kurasa nne. Hakuna aliyelia. Mmoja aliuliza kiti changu kitabaki kwa nani.

Nyumba ni yangu. Marehemu baba aliniachia michikichi upande wa Kibombo, nayo inazaa bila kuhitaji maoni yangu. Sina shida. Shida ni watu. Kila ninayekutana naye ananiuliza: "Papa Louis, sasa unatumika wapi?" Nikijibu kwamba sifanyi kazi popote, anauliza kama ni mgonjwa. Nikijibu kwamba si mgonjwa, anaangalia mifuko yangu, kana kwamba ataona mali ya ofisi ikichungulia.

Leo binti yangu Bénie ameleta tarehe. Familia ya mchumba wake, Djo, itakuja kutoka Lokandu Jumamosi ya tarehe 19 ili tujulishane. Kila mtu atatajwa kwa jina na kazi yake. Mkubwa wao ni mjomba wa Djo, Mzee Zuberi. Mwaka jana mzee huyo alivunja uchumba wa mpwa mwingine kwa sababu baba wa msichana "hakueleweka". Bénie ameniomba nitafute jibu la kueleweka. Maneno mawili, Papa, yasizidi mawili. Nikamwambia hakuna wazo kubwa lililowahi kuingia katika maneno mawili. Akasema njo maana anaomba.

Jumanne, tarehe 8 mwezi wa kumi

Nimelipata. Na ni neno moja tu: mstaafu. Fupi, la heshima, tena ni kweli.

Nimelijaribu kwa jirani, Mzee Tambwe. Makosa. Tambwe ni binamu mkubwa wa mke wangu Euphrasie. Ana miaka sabini na tatu, na kila asubuhi, saa moja na nusu, anavaa koti la kijivu anakwenda ofisini kwake. Tangu mwaka 2009 anangoja karatasi ya kumruhusu kustaafu. Karatasi haijafika. Kwa hiyo anaendelea.

Alinisikiliza juu ya ua unaotutenganisha. Akaniuliza nimeomba ruhusa kwa nani. Nikasema kwa dhamiri yangu. Akasema: "Shemeji, mimi nangoja miaka kumi na tano. We unaamuka tu asubuhi, unanawa uso, unasema umestaafu?" Akaapa kwamba neno hilo halitatoka mdomoni mwake mbele ya wageni, kwa faida ya mtu mwingine, kabla yeye mwenyewe hajalipata.

Hili ni jambo kubwa, maana siku hiyo mdomo wangu ndio huo wake. Kwetu, wageni wanapokuja kwa ajili ya msichana, baba hafungui kinywa. Msemaji wa upande wa mama anasema kwa niaba yake. Baba akitamka chochote, anatoa mbuzi kwa wageni. Niliipinga desturi hii kwa maandishi mwaka 2016. Hakuna aliyejibu.

Nimemwandikia Tambwe kurasa tatu, nikazipitisha juu ya ua. Jioni amezirudisha. Wino mwekundu kila mahali. Alama: kumi na moja juu ya ishirini. Chini ameandika: "Hasira nyingi, hoja chache."

Alhamisi, tarehe 10 mwezi wa kumi

Jana nilikuwa matangani, mtaa wa pili. Mtu mmoja wa Mikelenge, simjui, alinipa nafasi kwenye benchi na hapohapo akaniuliza ninafanya nini maishani. Nilikuwa tayari. Nikasema: mshauri. Alitikisa kichwa kwa heshima. Nikalala nimeshinda.

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu sita uani kwangu. Wamekuja kushauriwa. Ndugu wawili wanagombania paa la marehemu baba yao. Mama mmoja ana mume asiyesema. Mwalimu wa kwaya ana waimbaji wanaosema sana. Wengine walikuja kusikiliza tu.

Niliwashauri. Nisingeweza kunyamaza, ninasoma mno. Ndugu wawili niliwaambia wagawane paa nusu kwa nusu. Saa nane walikuwa wamekwisha kulikata, na saa tisa mvua ikanyesha. Sasa wamepatana kabisa. Wanachukia mtu mmoja.

Euphrasie ni mkunga. Alirudi kutoka zamu akakuta matope ya miguu kumi na miwili hadi jikoni. Akasema yeye leo amezalisha watoto watatu, na hakuna hata mmoja aliyemchosha kama mimi.

Jumamosi, tarehe 12 mwezi wa kumi

Mpango mpya, wa hali ya juu. Kosa langu lilikuwa kueleza. Mtu anayetoka asubuhi na mkoba mkononi haulizwi kitu.

Tangu jana natoka saa moja na nusu, dakika moja baada ya Tambwe, na mkoba wangu wa zamani. Ninakwenda kivukoni. Ninakaa kwenye gogo, nasoma, naandika shajara hii, naangalia mitumbwi ikivuka kwenda Alunguli na kurudi. Nikichoka ninatazama saa.

Matokeo ni ya ajabu. Hakuna aliyeuliza. Wapiga kasia wananisalimu kabla sijawasalimu. Leo mmoja alishusha abiria wanne bila kuambiwa, kwa sababu eti mtumbwi ulikuwa umejaa. Muuza chikwange, ile mihogo ya kufungwa majani, amehamisha meza yake mbali kidogo, kunipa nafasi. Wanaume waliokuwa wakibishana juu ya serikali walianza ghafla kusifu barabara.

Barabara ipi, sikuelewa. Lakini hatimaye mji huu unatambua mtu anayefikiri.

Jumatatu, tarehe 14 mwezi wa kumi

Djo amekuja. Kijana wa adabu, anapakia mizigo ya mitumbwi, hasemi sana. Leo alisema. Alisimama mlangoni, akakataa kukaa. Habari imefika Lokandu kabla ya maji ya mto: baba yake Bénie ni mtu wa usalama. Anakaa kivukoni na kuandika majina. Mzee Zuberi amesema hawezi kuozesha kijana wake katika nyumba ambayo mtu akikohoa inaandikwa.

Bénie hakulia. Ingekuwa nafuu. Alikunja kitambaa alichokuwa akishona kwa ajili ya siku ile, akakiweka juu ya kabati, mahali tunapoweka vitu tusivyovihitaji.

Nilianza kueleza tofauti kati ya kufikiri na kupeleleza. Euphrasie akaniambia ninyamaze. Akampa Djo ujumbe kwa mjomba wake: waje, waone kwa macho yao, na msemaji atakuwa Mzee Tambwe, mtu anayejulikana hadi Lubutu. Djo akaondoka nao.

Halafu Euphrasie akaniuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini siwezi kusema uongo mmoja mdogo kama watu wengine. Niseme mimi ni mkulima. Michikichi ipo. Nani atauliza nani anaipanda?

Nikamwambia. Tumeoana miaka ishirini na minne na sikuwahi kumwambia.

Mwaka 1999, wakati wa vita, nilikuwa njiani kutoka Lokandu kwa miguu. Kulikuwa na kizuizi. Tulikuwa watatu. Askari aliuliza kila mmoja anafanya kazi gani. Wa kwanza alisema mwalimu. Aliambiwa akae kushoto. Wa pili alisema karani. Kushoto. Siku zile mtu wa kalamu alikuwa mtu wa kuandika majina ya watu, na hakuna upande uliompenda. Mimi nilikuwa na kalamu mfukoni na miaka ishirini na minne. Askari akanitazama. Nikasema: fundi viatu.

Sikuwa nimewahi kushika kiatu cha mtu mwingine. Askari akatazama buti zake. Nikakaa pale wiki tatu. Jozi kumi na mbili, sindano ya kushonea magunia, uzi wa kuvulia samaki. Jozi ya kwanza iliachana kabla mwenyewe hajafika mtoni. Alirudi. Nikamwambia ngozi ndiyo mbaya. Wale wawili wa kushoto sikuwaona tena.

Tangu siku ile niliapa kwamba swali hilo sitalijibu kwa uongo mara ya pili. Mtu akiniuliza ninafanya nini, atapata ukweli, na maelezo yake yote.

Euphrasie aliitazama mikono yangu. Halafu akauliza kwa nini basi viatu vya Bénie, alipokuwa mdogo, tulikuwa tunapeleka kwa fundi.

Jumatano, tarehe 16 mwezi wa kumi

Nimekwenda kwa Tambwe. Kwa mlango, si juu ya ua. Nimeomba radhi. Nilikuwa nimeiandika, lakini nikasema bila karatasi, kwa sababu Euphrasie alikuwa ameificha.

Tambwe ana huruma, ukimkuta amekaa. Alisema yuko tayari kulitamka lile neno mbele ya wageni, mara moja tu. Sharti lake: nimwandikie barua kwa wakubwa wake, ya kudai karatasi yake ya kustaafu. Barua zake mwenyewe ni za unyenyekevu mno, amekwisha andika kumi na nne.

Mtu aliniomba niandike barua kali. Miaka ishirini na sita nilingoja sentensi hiyo.

Kurasa tisa. Nimeanza na sentensi hii: "Mimi Tambwe nadai kuachiliwa mara moja, leo kuliko kesho." Ukurasa wa pili unaeleza haki. Wa tatu hadi wa nane unashambulia. Wa tisa unadai malipo na karatasi. Tambwe aliitia sahihi bila kuisoma, miwani iko kwa fundi. Aliniambia: "Nakuaminia, shemeji." Ataipeleka kesho.

Ijumaa, tarehe 18 mwezi wa kumi

Jibu limefika ndani ya siku moja. Jambo kama hilo halijawahi kutokea katika ofisi ile.

Mkuu wao ni mtu wa haraka. Amesoma ukurasa wa kwanza tu. Mzee anadai kuachiliwa mara moja, basi ameachiliwa mara moja. Hakuna karatasi. Hakuna malipo. Wamemwomba arudishe ufunguo na kuwatakia wenzake kazi njema.

Saa nne asubuhi Tambwe alikuwa uani kwake, juu ya kigoda, na koti la kijivu limefungwa vifungo vyote. Sijawahi kumwona hapo saa nne. Hata kuku wake walionekana kushangaa.

Nilimpongeza juu ya ua. Nikamwambia: karibu katika uhuru. Aligeuka kuwaangalia kuku. Halafu aliniuliza: "Shemeji, Jumatatu asubuhi nitaenda wapi?" Nikamwambia huo ndio uzuri wenyewe, kwamba hakuna pa kwenda. Alinitazama kama mtu anayetazama maji yameingia kwenye mtumbwi.

Tumekumbushana kuhusu kesho. Neno moja: mstaafu. Alitikisa kichwa. Hata hivyo nimeandika hotuba ya akiba, kurasa saba, itakaa mfukoni. Mbuzi wa faini nimekwisha mchagua.

Jumamosi, tarehe 19 mwezi wa kumi

Naandika kila kitu kwa mpangilio.

Walifika saa sita, watu wanane, baada ya mvua. Matope hadi magotini. Viatu vilipangwa mlangoni. Mzee Zuberi ni mrefu, mkavu, anakaa bila kuegemea. Bénie alikuwa amevaa kile kitambaa. Alikishusha kabatini asubuhi, hakumwambia mtu.

Tambwe alisimama na koti lake. Alianza vizuri. Huyu ni Mama Euphrasie, mama wa mtoto, mkunga. Wageni walitikisa vichwa, wawili kati yao aliwapokea yeye duniani. Halafu akajitaja mwenyewe. "Mimi njo Tambwe. Mimi ni..." Akasimama hapo. Akashika kifungo cha koti. Akasema yeye ni mwenyeji wa hapa.

Halafu akanigeukia. "Na huyu njo Papa Louis, baba ya mutoto. Yeye ni..."

Neno lilikuwa moja. Nililiona likipanda kooni mwake. Lilipanda, likafika, likakataa kutoka. Macho yake yalijaa maji. Nilielewa hapo kwamba nimemwomba mtu aonyeshe kidonda chake kwa wageni, na kwamba ni mimi niliyemtia kidonda hicho, kwa kurasa tisa.

Mzee Zuberi alingoja. Akauliza: yeye ni nini? Tambwe akashika kifungo kingine. Akauliza: "Iko na kazi ao hana?" Mtu mmoja wa Lokandu alimnong'oneza mwenzake neno "usalama". Djo alitazama chini. Bénie alinitazama mimi.

Ndipo Mzee Zuberi alipomwacha msemaji, kinyume cha desturi zote, akanigeukia mimi mwenyewe. Sauti ya chini. Macho hayapepesi. "Papa, unafanyaka kazi gani?"

Kurasa saba zilikuwa mfukoni. Nilikuwa na hoja kuhusu utumwa wa kiti. Nilikuwa na hoja kuhusu meno. Nilifungua mdomo, nikasikia mtu wa miaka ishirini na minne akijibu.

"Fundi viatu."

Mbuzi mmoja.

Bénie alifumba macho. Euphrasie, ambaye peke yake alijua, aliinamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sijui kama alilia au alicheka. Sikuuliza.

Uso wa Mzee Zuberi ulifunguka. Alisema hiyo ni kazi. Alisema mtu mwenye kazi ya mikono anaeleweka. Na kule kivukoni? Nikaona Tambwe amepata sauti: kule nilikuwa natazama miguu ya watu, kujua viatu gani vinaharibika. Wageni walicheka, pamoja na yule aliyenong'ona. Tambwe alisema vizuri kuliko siku zote. Nikiwa na wino mwekundu ningempa ishirini juu ya ishirini.

Mzee Zuberi akakumbuka kwamba wakati wa vita, njia ya Lokandu, kulikuwa na fundi mmoja mbaya kuliko wote aliopata kuwasikia. Alikuwa anashona buti kwa uzi wa samaki. Askari walikuwa wanakimbia na vidole nje. Watu wa kijijini walimwombea maisha marefu, maana askari wa namna ile hawawezi kukufukuza mbali. Akaniuliza, kwa utani, kama nilikuwa mwanafunzi wake.

Nikasema nimewahi kusikia habari zake.

Mbuzi wa pili.

Tukakubaliana. Ndoa ni tarehe 16 mwezi ujao. Walipoinuka kuondoka, Mzee Zuberi alichukua kiatu chake mlangoni, kilichokuwa wazi mbele kama mdomo wa kambale, akaniwekea mapajani. Kisha cha pili. Kisha wengine. Saba walitoa. Wa nane alikuja na ndala. Wamerudi Lokandu na kandambili zetu. Watachukua viatu vyao siku ya ndoa.

Jumapili, tarehe 20 mwezi wa kumi

Nimenunua sindano ya magunia.

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa kumi na moja

Jozi thelathini na moja. Habari imekwenda vizuri kule Lokandu. Kila mtumbwi unaopanda kutoka huko unaleta mfuko. Mkwe, naomba na hivi. Mkwe, na vya bibi pia.

Kidole gumba kimevimba. Kiatu cha Mzee Zuberi nimekishona mara nne, na sasa kimekuwa kifupi. Natumia gundi, mpira wa tairi na, nakiri hapa tu, uzi wa samaki. Hakuna uzi mwingine unaovumilia matope haya.

Bénie anaimba akifua. Amesema haijalishi nini kinatokea kwa viatu, mradi tu nisieleze.

Tambwe anakuja kila siku, saa moja na nusu, na koti la kijivu. Jumatatu ile ya kwanza alikuja kuangalia tu. Jumanne alileta daftari la mahudhurio kutoka kwake, lenye mistari aliyoipiga kwa rula. Tunatia sahihi wote wawili, tukifika na tukiondoka. Anatenganisha vya kushoto na vya kulia, anaandika siku ya kuingia, anawaambia watu warudi kesho. Ananenepa.

Watu hawaniulizi tena ninafanya nini. Wanapita, wanaona, wanaelewa. Nilidhani nitafurahi. Leo asubuhi msafiri wa Lubutu alisimama hapa, kiatu mkononi, akaniuliza kama mimi njo fundi. Nikamwambia hapana, mimi nimestaafu. Akatazama sindano. Akatazama lundo. Nikamweleza kuanzia mwanzo, mkutano wa Jumatatu, utumwa wa kiti, meno. Saa nzima. Alisikiliza kwa adabu, akaacha kiatu, akauliza kitakuwa tayari lini.

Kwa hiyo nimekata shauri. Nastaafu kazi ya viatu. Nitatangaza siku ya ndoa yenyewe, wakwe wote wakiwepo, Mzee Zuberi akiwa mstari wa mbele, ili hatimaye nieleweke. Hotuba ina kurasa nne.

Nimeisoma kwa Tambwe, kuijaribu. Alisikiliza hadi mwisho bila kuchukua wino mwekundu. Akafunga daftari lake, akaniuliza kiti changu kitabaki kwa nani.